Siku Tuliyojifanya Watu wa Likizo

Mtaa wa Sikukuu,
Kariakoo,
Dar es Salaam.
Novemba, 1983.

Kwa mama yangu mkwe, Bibi Evarista,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo mama. Umeamkaje huko Mgazini, na miguu inasemaje siku hizi za manyunyu? Yule mbuzi mkorofi amekwisha kuzaa, au bado anakula nguo za watu kwenye kamba? Mimi mwili wangu hauna ugonjwa, namshukuru Mungu. Mjukuu wako, wajina wako, ana afya na ana maneno kunishinda hata mimi, na wewe wajua mimi nilivyo.

Usishangae mwandiko. Barua zote ulizopata kutoka kwetu aliandika Pantaleo, mimi nikichomeka salamu zangu pale chini zikibanana na sahihi yake. Leo naandika mwenyewe, tena kwa herufi kubwa na mistari iliyoachana, ili usome kwa macho yako. Ulipotuandikia kwamba umemaliza kisomo na umepewa cheti, Pantaleo aliibandika barua ile ukutani juu ya kitanda, kila mgeni akaonyeshwa. Basi nakuomba usimpelekee katekista akusomee. Ana sauti kubwa yule, na haya si maneno ya kufika kisimani. Na Severa aliyekuletea barua, usimwulize kitu kwanza. Mwache akae kwa jirani apumzike, njia aliyotoka ni ndefu. Wewe soma polepole mpaka mwisho.

Mama, Pantaleo hayupo. Hajafa. Nimeanza na hilo kwa sababu mimi si mtu wa kuzungukazunguka, unanijua, siku ya kwanza niliyoletwa kwako nilikuambia mboga imezidi chumvi. Hajafa, lakini hayupo, na sijui alipo.

Nianzie kwenye lile tulilokuficha. Kiwandani kwao kazi ilisimama tangu kabla ya Sabasaba. Mashine zipo, vipuri hakuna, bati la kutengenezea mabeseni hakuna. Waliambiwa warudi majumbani wakasubiri kuitwa, na vitambulisho vyao vikabaki getini. Nilitaka kukuandikia siku ileile. Pantaleo akakataa, akasema mama atauza mahindi ya mbegu ili atutumie sisi, halafu msimu ukifika apande nini? Kila Jumatatu alisema wiki hii wataitwa. Nami mwenye mdomo huu nikanyamaza, nikapika yanga, ule unga wa njano wa msaada, na kusubiri.

Ndipo ukaja msako. Najua umeusikia kwenye redio: asiye na kazi mjini arudi kijijini akalime. Mama, kulima si tusi. Mimi nimelima kwetu Ndanda tangu nina meno ya utoto. Wangetuambia tufunge mizigo yetu sote watatu tuje kwako, tungekuja tunaimba. Lakini hawachukui watu hivyo. Wanakukuta njiani umeshika dawa ya mtoto, wanakuuliza kitambulisho, huna, unapandishwa karandinga. Mume huku, mke kule, mtoto amefungiwa chumbani. Mwanamke naye anaulizwa cheti cha ndoa, na asipokuwa nacho anaitwa majina ambayo siwezi kukuandikia wewe mkwe wangu.

Tukaishi kwa kujificha. Wakipita mgambo mtaani, Pantaleo anaingia chini ya kitanda na kumwambia mtoto kwamba ni mchezo, baba amejificha, usimseme. Mtoto akaupenda kweli ule mchezo. Hata siku zisizo na mgambo, akiamka tu anainama kuchungulia chini ya kitanda, akimkuta baba yake anapiga kelele mpaka wapangaji wanalalamika. Basi siku moja mwenye nyumba wetu, mzee Mwinyimvua, alipiga hodi akamuuliza baba yuko wapi. Mtoto akajibu kwa adabu zote kwamba baba hayupo chini ya kitanda. Mzee alicheka, sisi hatukucheka. Tukajua siku akiulizwa na mwingine, tumekwisha.

Mzee Mwinyimvua ni Mzaramo, mtu mzima mwenye huruma, tena ndiye balozi wetu wa nyumba kumi. Alhamisi moja ametoka kuswali alfajiri, akaja kukohoa mlangoni kwetu. Alisema ameambiwa mtaa wetu utapekuliwa mchana ule nyumba kwa nyumba, na yeye kama balozi atatangulizwa mbele afungue milango. Alisema hawezi kusimama mbele ya watu aseme uongo, basi ni bora tusiwepo. Akatupa na akili ya kufanya. Mtu aliyevaa vizuri, ana mke pembeni na kapu mkononi, anakwenda Kigamboni kupunga upepo mchana wa kazi, ni nani huyo kama si mfanyakazi aliye likizo? Mzururaji hana mke mwenye kapu. Tukashinde ng'ambo, jioni msako ukiwa umepita turudi.

Pantaleo akavaa kaunda suti yake ya harusi, ile ya rangi ya udongo uliyomfulia mwenyewe, na viatu vyake vya raizoni, vile vya soli nene, ambavyo watu walikwisha kuacha kuvivaa zamani. Mimi nikavaa gauni la kitenge. Kapuni nikatia mihogo ya kuchemsha, chupa ya chai, na kitabu cha nyimbo ambacho ndani yake nilikunja cheti chetu cha ndoa. Mtoto tukamwacha na jirani yetu Clotilda, anayefagia hospitali, ambaye siku ile zamu yake ilikuwa ya kuingia jioni. Alituambia tusichelewe, maana akiondoka hakuna mwingine wa kumwachia.

Basi tukatoka, mama. Nilikuwa natembea kama ninayefukuzwa, Pantaleo akawa ananivuta mkono na kuniambia watu wa likizo hawakimbii. Akawa anasimama kwenye kila dirisha la duka. Sasa madukani kuna nini siku hizi? Kuna makopo matupu yaliyopangwa kwa ufundi. Yeye anayaangalia, anatikisa kichwa kama anayechagua, mimi nachomwa na jua huku mgambo wanapita upande wa pili. Pale Mnazi Mmoja alitaka hata tukae tupumzike. Nikamwambia akikaa mimi namwacha.

Feri tukakuta mgambo wamesimama kabla ya kufika kwenye pantoni. Mmoja, kijana mrefu mwenye rungu, akatusimamisha akaomba kitambulisho. Pantaleo akasema yuko likizo, amekiacha ofisini. Yule akauliza ofisi gani. Mimi nikaona giza. Halafu akauliza jina, na Pantaleo alipotaja Komba, uso wa yule kijana ukabadilika. Akauliza Komba wa Songea, Mngoni? Kumbe yeye Mhehe.

Mama, mimi Mmwera, utani wenu na Wahehe nilikuwa nausikia tu. Siku ile niliuona. Kijana alisema leo amempata mateka wake aliyetoroka tangu enzi za mababu. Pantaleo akajivuta kaunda suti, akamjibu kwamba asimame wima anapozungumza na mwenye shamba. Alimwambia kwao ni Kalenga, hukohuko Iringa, babu yake aliiteka yote na kumwachia babu wa mgambo aichunge tu, na sasa mjukuu amekuja kukagua kama ng'ombe wametimia. Kijana akacheka mpaka akaegemea rungu. Akasema Wangoni walikimbia vitani hadi wakaacha viatu, ndiyo maana huyu amejifunga matofali miguuni, asikimbie tena. Na wale wenzake wakawa wanacheka, na watu waliokuwa kwenye foleni wakawa wanacheka. Cheti changu hakuna aliyekiuliza. Tukapita. Nyuma yetu yule kijana akapiga kelele kwamba mateka arudi mapema, asilale nje.

Tulipokuwa juu ya maji nikamgeukia. Nilimwambia Pantaleo kwamba mdomo wake utakuja kumponza. Yeye akasema ndio huohuo uliomponya.

Nisamehe kwa haya ninayokuandikia sasa, si ya kumwambia mkwe, lakini nataka ujue mwanao alikuwa na furaha siku ile. Tulitembea mbali ufukweni mpaka pasipo na watu. Akavua viatu, akakunja suruali. Miaka yote ya Dar es Salaam hakuwahi kuingia baharini kupita kwenye vifundo. Akaona shimo la kaa, akaingiza kidole kujaribu kama mwenyewe yumo. Yumo! Alirukaruka na yule kaa akining'inia kidoleni, akiniita mimi nimsaidie, nami nimekaa chini kwa kicheko, machozi yananitoka. Sikuwa nimecheka hivyo tangu kiwanda kilipofungwa.

Maji yalikuwa yamekupwa, mbele yetu kuna fungu la mchanga safi. Tukaenda kukaa huko na kapu letu, tukala mihogo, akaniokotea makombe ya kumpelekea mtoto. Mama, sisi ni watu wa bara. Kwetu sisi maji yakiwa pale, yako pale. Tulipogeuka nyuma, bahari ilikuwa imekwisha kupita ikatuzunguka. Kulikuwa na wanawake kwa mbali wanatafuta pweza, walikuwa wanatupungia mikono, nasi tulidhani wanatusalimu, tukawapungia pia.

Tukaingia majini. Pantaleo alijitwika kapu, mimi nimemshika mkanda, maji kiunoni, maji kifuani. Akakanyaga shimo. Tukaanguka wote wawili. Chupa ya chai ikaenda, makombe yakaenda, kitabu cha nyimbo kikaelea mbele yetu kurasa zimefunguka. Alikirukia kitabu kwanza, halafu viatu. Tulipofika mchangani kaunda suti imechanika gotini, kiatu kimoja soli imeachia yote, na wale wanawake wanacheka hawana mbavu. Nikafungua kitabu. Cheti kilikuwa kimelowa chapachapa. Jina langu limeondoka kabisa, lake limebaki nusu, muhuri wa parokia umekuwa doa la zambarau.

Mimi nililia. Yeye akacheka, akakianika juu ya jiwe na kuniambia kwamba sasa si mke wake tena, itambidi anitongoze upya, na safari hii hatakubali mahari aliyotaka baba yangu. Nilimpiga kwa kanga yangu yenye maji. Hivyo ndivyo tulivyokuwa, mama, jua limekaa vizuri, nguo zinakauka mwilini, kama watu wa likizo kweli.

Kulikuwa na bibi mmoja pale anafua nazi. Alipomwona Pantaleo ana mikono ya kazi, alimwambia kama anataka kazi ya kufua nazi abaki, yeye haulizi mtu kitambulisho chochote shambani kwake. Mimi nikamwambia Pantaleo abaki. Nikamwambia mimi nitavuka, nimchukue mtoto kwa Clotilda, kesho nirudi naye tukae huku mpaka msako uishe. Alifikiri sana. Halafu akaangalia kile cheti kilichokauka kama jani, akasema haiwezekani. Mwanamke peke yake, jioni, bila cheti, hatafika hata Mnazi Mmoja. Mwenye mume ubavuni haulizwi sana. Alisema tutavuka wote, tutarudi na mtoto asubuhi. Na yule mtani wake si yupo pale Feri? Tutapita kama tulivyopita.

Pantoni ilichelewa. Walisema dizeli haijafika. Watu wakajazana, jua likawa linashuka, mimi nafikiria Clotilda anavaa sare zake. Pantaleo alikuwa ameifunga soli kwa kamba ya makumbi, anatembea anachechemea, suruali imekauka na chumvi nyeupe, goti liko nje. Asubuhi alitoka bwana wa likizo. Jioni ile nilipomtazama vizuri nikaona ndiye hasa mtu wanayemtafuta.

Tulipovuka, karandinga ilikuwa imesimama pale, nusu imejaa. Yule Mhehe alikuwepo. Alituona kabla sisi hatujamwona, akakunja uso, akatikisa kichwa kidogo namna ya kumwambia mtu anyamaze. Mimi niliona. Pantaleo hakuona, au aliona akadhani ni utani umeanza. Asubuhi mdomo ulitupitisha, basi jioni aliutumia kwa nguvu zaidi kwa sababu hakuwa na kingine. Akapaza sauti watu wote wasikie: mwenye Kalenga amerudi! Kazi hana, viatu hana, anadai ng'ombe wake! Mtani amkamate basi amrudishe kwao!

Kumbe mkubwa wao alikuwa amekaa mbele, ndani ya gari. Akashuka. Mtu mfupi, miwani myeusi, hana haraka. Akauliza ni nani huyo asiye na kazi anayeomba kurudishwa kwao. Yule kijana akajaribu kumweleza kwamba ni utani tu, huyu Mngoni na yeye Mhehe. Mkubwa akamjibu kwamba ndani ya sare hakuna mtani. Akamwomba Pantaleo kitambulisho. Akakitazama kile kiatu cha kamba. Akamwambia karani aandike: hana kazi, kwao Kalenga, Iringa.

Hapo ndipo Pantaleo alipoelewa. Akasema hapana, kwao ni Songea, Mgazini, akakutaja wewe kwa jina, akamtaja padre aliyembatiza. Mkubwa akasema kila mtu akifika kwenye ngazi ya gari anageuza kwao ili kuchelewesha kazi, na huyu alikwisha kusema mbele ya watu wote. Yule Mhehe alisema tena, akaambiwa akisema mara ya tatu atapanda naye. Ndivyo walivyomchukua mwanao. Mimi nilikuwa nimesimama karibu yake. Nilichokifanya mimi pale nitakuandikia, lakini si sasa hivi, mkono unakataa.

Kesho yake asubuhi yule Mhehe alikuja nyumbani, hana sare, ameshika kile kiatu cha raizoni kilichodondoka Pantaleo alipokuwa anapanda. Pantaleo alimnong'oneza nyumba yetu ilipo. Nilimnyang'anya kiatu nikampiga nacho, mama. Kichwani, mabegani, popote. Hakukwepa. Nilipochoka alikaa chini pale kizingitini, akakataa kiti. Alisema kwenye msiba mtani ndiye anayetakiwa awachekeshe wafiwa, ameshindwa. Nikamwambia hapa hakuna msiba, atoke na maneno yake. Halafu nikampa chai.

Alisema gari lile lilikuwa la Iringa. Lakini alisema pia wengine wanashushwa njiani, upande wa Morogoro, kwenye mashamba ya mkonge, wakipungukiwa na watu huko. Alimwambia Pantaleo akifika Kalenga amuulizie mama yake, ajitambulishe kama mateka aliyetumwa na mwanawe, atapokelewa. Kama atafika.

Nimekwenda ofisini kwa wale wa msako mara nyingi. Nilitaka kitu kimoja tu, waniambie alishushwa wapi. Mara ya kwanza wakaniambia nisubiri. Mwisho karani akafungua kitabu chao, akaniuliza mimi nani wa huyo mtu. Nikasema mke wake. Akaomba cheti. Nikampa ile karatasi yenye doa la zambarau. Akaigeuza huku na huku, akanirudishia, akasema mtu huyo alitamka mwenyewe kwamba hana mke. Mbele ya mashahidi.

Na ni kweli, mama. Alitamka. Sasa nakuambia.

Alipokuwa na mguu mmoja kwenye ngazi, mkubwa alinigeukia mimi. Akauliza na huyu ni mke wako? Cheti kiko wapi? Pantaleo akanitazama. Clotilda alikuwa amekwisha kuingia zamu saa ile, au yuko mlangoni anatungoja. Mtoto wetu hana mtu. Nami niliona yote hayo yakipita usoni mwake, haraka, kisha akacheka. Akasema mwanamke huyu hamjui. Amemganda tangu kwenye pantoni, ana domo kubwa, mwanamume mwenye akili hawezi kumwoa hata akipewa bure na ng'ombe juu yake. Watu wakaangua kicheko. Mkubwa akawa ananitazama, anangoja nitasema nini.

Nikacheka. Nilicheka kwa sauti, mama, nikashika kiuno, nikasema hata wanaume wakiisha duniani mimi simchukui mtu wa kiatu kimoja cha kamba. Watu wakazidi. Hata mkubwa alitabasamu, akanipungia mkono nipite, niondoke zangu. Pantaleo naye alikuwa anacheka, ananitazama kwa ule uso wake wa kuridhika, ule wa nikipika kitu akakipenda. Ndivyo tulivyoagana. Hatukusema lingine. Gari likaondoka, nami nikatembea kwa miguu mpaka Kariakoo, kile kicheko hakitaki kuniondoka mdomoni, watu wananipisha njia. Nilimkuta Clotilda amesimama barazani na sare zake, mtoto yuko mgongoni kwake amelala.

Basi alinikana ili nirudi kwa mtoto, nami nikarudi. Lakini neno lilelile alilonikomboa nalo ndilo lililofunga mlango. Kwa wale wa ofisini mimi si mke wa mtu. Sina haki ya kuuliza. Na yeye huko aliko, kama ni Kalenga, kama ni kwenye mkonge, hana wa kumwulizia, kwa maana ameandikwa kwao ni pale ambapo hakuna anayemjua. Wewe ungemsubiri Mgazini mpaka uzeeke, asingeletwa.

Nimefikiri mpaka kichwa kimeniuma, nimeona njia moja. Usinizuie, barua hii itakapofika itakuwa imekwisha kutendeka. Siku Severa anapanda basi, mimi nitakwenda Feri. Nitasimama mbele ya karandinga, nitawaambia sina kazi, sina mume, kwetu Kalenga. Sitabeba cheti wala kapu. Yule Mhehe anajua, alinisihi nisifanye, halafu akaniambia siku gani gari la Iringa linapakiwa. Walipomshusha yeye nami watanishusha, au watanipitisha, nami nitaangalia kila shamba. Ana mguu mmoja mtupu, mama, na huko Iringa ni baridi. Kiatu chake nimekichukua.

Ninakuomba uende kwa padre akafungue kitabu cha ndoa, atuandikie cheti kingine. Kiweke kwako. Nikimpata tutakuja kukichukua, wote wawili, kwa miguu hata ikibidi.

Nisalimie shemeji zangu wote, na mama mdogo wa pale mtoni, na wanajumuiya. Mwambie katekista nasi tunamkumbuka. Mzee Mwinyimvua anakusalimu sana, amesema chumba chetu hatampangisha mtu. Clotilda naye anakusalimu.

La mwisho, na ndilo zito kuliko yote. Severa hakuja peke yake. Yuko hapo kwa jirani na wajina wako, nimemwambia asimlete mpaka akuone umetoka nje na karatasi hizi mkononi. Anapenda uji usio na uvimbe, akilala anataka ashike sikio la mtu, mpe lako. Nami nimemdanganya. Alikuwa hataki kusikia habari ya safari, analia, nikamwambia baba yake amejificha kwa bibi. Ataingia ndani mbio, mama, atainama moja kwa moja kuchungulia chini ya kitanda chako. Sijui utamwambia nini. Mimi nimeshindwa kupata neno, labda wewe utalipata.

Toka nje sasa, wanakungoja.

Mimi mkweo, mke wa mwanao,
Hyasinta